Jikoni na Wasomaji: Mamaledi Isiyoganda, Maganda Magumu na Chupa Zenye Ukungu

Msimu wa machungwa unapofika, barua nyingi zinazoletwa katika safu hii huuliza namna ya kuyahifadhi. Safari hii nimechagua zile zinazohusu mamaledi, yaani jamu ya machungwa inayopikwa pamoja na maganda yake. Baadhi ya barua nimezifupisha, na pale ambapo wasomaji kadhaa wameuliza jambo lile lile nimelijibu mara moja tu.

Shikamoo mama. Hapa Muheza msimu ukichanganya, machungwa huozea chini ya miti na bei ya gunia haifidii hata nauli ya kulifikisha sokoni. Nilionja mamaledi hotelini nikaipenda, na sasa nataka kuipika nyumbani. Je, machungwa yetu matamu yanafaa, au ni lazima yawe machungu? Naomba vipimo na hatua zote, nikikujulisha kwamba nina jiko la mkaa tu. (Msomaji, Muheza)

Marahaba mwanangu. Machungwa ya Muheza yanafaa, ila yanahitaji msaidizi. Ili mamaledi igande, vitu vitatu sharti vikutane sufuriani kwa kiasi cha kutosha: uchachu, sukari, na pektini, yaani ule ute wa tunda unaoigandisha, ambao hupatikana katika nyama nyeupe ya ganda, katika ngozi zinazotenga vipande vya tunda na katika mbegu. Danzi, lile chungwa kali ambalo watu wa pwani hulikamulia mchuzi au samaki, limejaliwa pektini na uchachu kwa wingi, na ndiyo sababu wapishi wa mamaledi hulitanguliza mbele ya matunda mengine yote ya jamii hiyo. Chungwa tamu lina uchachu haba, kwa hiyo tunaliongezea malimau, na tunayatumia malimau hayo mazima, ganda na mbegu, badala ya kukamua maji yake tu na kutupa sehemu iliyo na faida zaidi.

Chukua kilo 1 ya machungwa, malimau 3 makubwa, maji lita 2 na sukari kilo moja na nusu. Vipimo hivi hutoa takriban chupa tano za gramu 450. Ukibahatika kupata madanzi, kilo 1 yake huenda na limau moja, maji lita 2 na robo, na sukari kilo 2.

Sugua matunda kwa brashi katika maji ya uvuguvugu, yakate katikati na uyakamue. Mbegu zote pamoja na ngozi za ndani zifunge katika kitambaa safi cha melimeli. Maganda, yakiwa na nyama yake nyeupe, yakate vipande vyembamba kadiri unavyopenda kuviona kwenye mkate, ukikumbuka kwamba vitavimba kidogo vikiiva. Maji ya matunda, maganda, ule mfuko wa mbegu na maji ya kawaida viweke pamoja katika bakuli, ufunike, uache mpaka kesho yake. Usilowekee katika sufuria ya alumini, kwa maana uchachu wa usiku mzima huila na kuiachia mamaledi ladha ya chuma. Bakuli la plastiki au la udongo litatosha, na kwa kupikia tafuta sufuria ya stenlesi au ya enameli ambayo haijabanduka. Iwe kubwa, kwa kuwa mamaledi ikichemka na sukari hupanda mpaka mara mbili ya kimo chake.

Asubuhi bandika kwa moto mdogo, na hapa jiko la mkaa linafaa sana, kwa sababu makaa yaliyokwisha kushika na kutulia hutoa moto wa taratibu kwa muda mrefu. Acha vichemke polepole kwa saa moja na nusu hadi mbili, mpaka maji yapungue kwa thuluthi moja au zaidi. Kabla ya kugusa sukari, opoa kipande cha ganda na ukibonyeze kati ya vidole viwili: kinapaswa kupondeka bila kupinga. Ningeomba wasomaji wote washike hatua hii kuliko nyingine yoyote, kwani sukari hulikaza ganda, na ganda lililoingiwa na sukari likiwa gumu litabaki gumu hata ukilichemsha hadi magharibi. Robo tatu ya barua za malalamiko nilizo nazo mezani zingeweza kujibiwa kwa sentensi hiyo peke yake.

Toa mfuko wa mbegu, uache upoe, kisha uukamue kwa nguvu juu ya sufuria. Ute mzito utakaotoka ndiyo pektini yenyewe, kwa hiyo usiuonee kinyaa. Sasa mimina sukari, punguza moto, na ukoroge kwa mwiko mpaka usisikie tena mchanga wa sukari ukikwaruza chini. Ikianza kuchemka kabla sukari haijayeyuka yote, mamaledi itafanya chembechembe baada ya wiki chache. Sukari ikishayeyuka, mwendo hubadilika: ongeza mkaa, pepea, na uichemshe kwa moto mkali bila mfuniko. Kwa kawaida huwa tayari baada ya dakika 15 hadi 25. Weka mbali watoto, kwa sababu sukari inayochemka huunguza vibaya kuliko maji na hung'ang'ania ngozi.

Ili kujua kama imefika, tangulia kupoza kisahani katika friji, au kama huna friji kiweke kielee juu ya maji ya mtungini. Epua sufuria, dondosha mamaledi kidogo kwenye kisahani, ngoja dakika moja, kisha isukume kwa ncha ya kidole. Ikijikunja juu kama ngozi ya maziwa, imeiva. Ikikimbia, irudishe motoni dakika tano ujaribu tena. Ni lazima sufuria iwe imeepuliwa wakati unajaribu, la sivyo itapita kiwango ukiwa unashughulika na kisahani.

Mwisho, iache itulie dakika 15 kabla ya kuipaki chupani, na uikoroge mara moja taratibu. Ukiimimina ikiwa bado inatokota, maganda yote yatapanda juu na chini ibaki shira tupu.

Assalaam aleikum. Mamaledi yangu ina siku tatu chupani na bado inamwagika kama shira ya kaimati. Je, niitupe? Na je, kuna njia ya kujua mapema kwamba haitaganda, kabla sijapoteza sukari? (Msomaji, Mombasa)

Waaleikum salaam. Usiitupe. Mamaledi huweza kuchukua siku mbili kamili kabla ya kushika, na wakati mwingine zaidi, lakini siku ya tatu ikiwa bado majimaji basi jambo moja kati ya mawili limetokea. Huenda ilichemka muda mfupi, na hilo utalitambua kwa rangi yake kuwa nyepesi na harufu ya machungwa kuwa bado kali. Dawa yake ni rahisi: irudishe sufuriani, kamulia malimau mawili, ichemshe kwa moto mkali na uijaribu kila baada ya dakika tano. Au huenda ilichemka kupita kiasi, ikawa nyeusi na ya kunata, kwa maana pektini ikipigwa na moto kwa muda mrefu pamoja na uchachu huvunjika na hairudi tena. Hii ya pili inahitaji pektini mpya. Katakata malimau matatu mazima, yachemshe katika maji nusu lita kwa muda wa dakika 45, chuja kwa melimeli, changanya na mamaledi yako, kisha ichemshe kwa muda mfupi tu mpaka ishike. Itakuwa kali kidogo, na wapo wanaoipenda zaidi hivyo.

Kuhusu kujua mapema, ipo njia ya zamani inayotumia spiriti, ile ya kusafishia vidonda au ya taa. Maganda yakishaiva na kabla hujatia sukari, chota kijiko kimoja cha chai cha maji ya sufuriani, kipoze kabisa, ukimimine katika glasi pamoja na vijiko vitatu vya spiriti. Zungusha glasi polepole na usubiri dakika moja. Likitokea donge moja zito linaloweza kuinuliwa kwa uma, tia sukari bila wasiwasi. Yakitokea mabonge madogo madogo yaliyotawanyika, endelea kuchemsha ili maji yapungue, au ongeza limau. Usionje kilichomo katika glasi hiyo, maana ni sumu. Kimwage na uoshe glasi.

Wasomaji wengine wawili wameuliza kama ni vyema kununua pektini ya unga madukani. Kwa jamu ya mananasi au ya stroberi naona inasaidia. Kwa mamaledi ni kupoteza fedha, kwa sababu pektini tayari umeinunua pamoja na machungwa.

Nina kipimajoto cha jikoni na kitabu cha mapishi cha Kiingereza kinachoelekeza kuchemsha mamaledi mpaka nyuzijoto 105. Nimefuata maelekezo hayo hapa Mbeya, na kila mara ninapata kitu kigumu kama peremende, chenye ladha ya sukari iliyoungua. Kipimajoto nimekipima na ni kizima. Kosa liko wapi? (Msomaji, Mbeya)

Hujakosea wewe wala kipimajoto chako. Kitabu kiliandikwa kwa ajili ya watu wanaoishi karibu na usawa wa bahari, nawe uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700. Kadiri tunavyopanda juu, mgandamizo wa hewa hupungua na maji huchemka kwa joto dogo zaidi. Kwa makadirio ya jikoni, joto la kuchemka hushuka nyuzi moja kwa kila mita 300. Dar es Salaam na Mombasa maji huchemka kwa nyuzi 100, na kwako huchemka kwa nyuzi 94 hivi.

Kinachohitajika hasa ni mchanganyiko uchemke kwa nyuzi nne hadi tano juu ya joto la kuchemka la maji matupu mahali ulipo, kwani hapo ndipo sukari inapofikia takriban asilimia 65, na pektini hushika vizuri katika kiwango hicho. Pwani hiyo ni 104 hadi 105. Mbeya ni 98 hadi 99. Uliposubiri 105 ulikuwa ukifukuza maji kwa nyuzi sita za ziada, na kilichobaki kilikuwa sukari karibu tupu. Wenzako wa Nairobi, Njombe na Eldoret wana tatizo hilo hilo, na hata Lushoto na Arusha, ambako mwinuko ni mdogo kidogo, wasingoje 105.

Fanya hivi: kabla ya kuanza, chemsha maji matupu, tumbukiza kipimajoto, soma joto lake, ongeza nyuzi nne na nusu, uandike namba hiyo nyuma ya jalada la kitabu chako. Hata hivyo nakushauri umalizie kwa jaribio la kisahani, ambalo halidanganyiki na mwinuko.

Mamaledi ya dukani ina rangi ya dhahabu. Yangu hutoka na rangi ya kahawia iliyochanganyika na kijani kilichofifia, na wageni huitazama kwa mashaka. Ninatumia machungwa mabivu kabisa. (Msomaji, Dar es Salaam)

Machungwa yako yameiva ndani, ila hayajageuka rangi nje. Chungwa huhitaji usiku wenye baridi ili ukijani wa ganda uvunjike na rangi ya njano ijitokeze, na pwani yetu haina usiku wa namna hiyo. Ukijani huo ukichemshwa pamoja na uchachu kwa saa mbili hubadilika kuwa kahawia chafu. Chagua sokoni yale yaliyoanza kuwa manjano, tumia malimau ya njano badala ya mabichi, na uchanganye maganda ya machenza mawili au matatu yaliyokolea rangi. Sukari nyeupe nayo husaidia, kwani ile yetu ya kawaida yenye wekundu kidogo huongeza giza. Machungwa ya rangi kali yanayouzwa katika maduka makubwa, ambayo hutoka Afrika Kusini au Misri, mara nyingi hupakwa nta, hivyo ukiyatumia yasugue kwa maji ya moto. Rangi za chakula za chupa sikushauri. Ladha ya mamaledi ya chungwa la kijani haina kasoro yoyote, na wageni wakishaonja watasahau rangi.

Bibi, shikamoo. Mamaledi yangu hushika vizuri, lakini baada ya mwezi mmoja hufanya ukungu juu. Ninakwangua ukungu na kuendelea kula. Jirani yangu anasema nifunike chupa kwa tambara mpaka ipoe ndipo nitie kifuniko. Chupa ninazotumia ni zile zilizokuwa na achari na siagi ya karanga. (Msomaji, Unguja)

Marahaba. Kwanza, acha kuikwangua na kuila. Kile unachokiona juu ni sehemu ndogo tu ya ukungu, kwani nyuzi zake hupenya chini pasipoonekana, na baadhi ya kuvu hutoa sumu ambayo haitoki kwa kuchemsha. Chupa yenye ukungu imwage yote.

Pili, ushauri wa jirani ndio unaokuponza, ingawa ameutoa kwa nia njema. Chupa inayopoa ikiwa wazi, au chini ya tambara, hupokea vumbi na vimelea vya ukungu kutoka hewani, na hewa ya Unguja ina unyevunyevu mwingi mwaka mzima. Ukifunika mamaledi ikiwa vuguvugu mambo huwa mabaya zaidi, kwa sababu mvuke hugeuka maji chini ya kifuniko, yakadondoka juu ya mamaledi, na pale yalipodondokea sukari ikazimuliwa. Ukungu huanzia hapo hapo. Chupa na ifungwe mamaledi ikiwa bado ya moto sana, si chini ya nyuzi 85.

Osha chupa na vifuniko kwa sabuni na maji ya moto, uzisuuze, kisha uzipange katika sufuria kubwa yenye kitambaa chini ili zisigongane na kupasuka. Zifunike kwa maji, zichemshe dakika 10, na uziache humo humo mpaka mamaledi iwe tayari, kwa sababu chupa baridi ikimiminiwa kitu cha moto hupasuka. Zitoe moja moja kwa koleo, zigeuze zichuruzike juu ya kitambaa safi kwa muda mfupi, usizifute ndani, kisha ujaze kwa jagi au upawa uliochemshwa nao. Bakisha nafasi ya nusu sentimita tu juu. Kama tone limegusa mdomo wa chupa, lipanguse kwa kitambaa safi kilicholoweshwa maji ya moto, maana tone hilo likikauka huzuia kifuniko kukaa sawasawa. Funga mara moja.

Mamaledi unayotaka ikae kabatini kwa miezi mingi, zirudishe chupa zilizofungwa katika maji yanayochemka, yazifunike kabisa, kwa dakika 10 ukiwa pwani na dakika 15 kwa wanaoishi nyanda za juu. Zikipoa, katikati ya kifuniko kutakuwa kumebonyea. Bonyeza kwa kidole: kikirudi juu kwa mlio, chupa hiyo haikujifunga, iweke kwenye friji na uwe wa kwanza kuila.

Chupa za siagi ya karanga zinafaa zikioshwa vizuri. Chupa za achari zenyewe hazina neno, lakini vifuniko vyake vina mpira wa ndani ambao hunyonya harufu ya siki na kitunguu saumu, na harufu hiyo haitoki. Nunua vifuniko vipya vinavyolingana, au uzitumie chupa hizo kwa achari nyingine.

Umeongeza katika barua yako kwamba hupunguza sukari kwa nusu kwa ajili ya mzee wa nyumbani. Hiyo nayo ni sababu ya ukungu, kwa kuwa sukari ndiyo inayoyashika maji yasitumiwe na kuvu. Mamaledi ya sukari pungufu huiva bila matatizo ya kiafya, lakini mahali pake ni friji tangu siku ya kwanza, katika chupa ndogo, na iliwe ndani ya wiki tatu hivi. Kuhusu mzee mwenyewe, kama ana kisukari, hata hiyo nusu muulizeni daktari wake.

Ninaishi Leicester. Mwezi Januari sokoni huja machungwa machungu kutoka Hispania. Je, ndiyo madanzi tuliyokuwa nayo nyumbani Tanga? Na nikipika, nitaweza kumpelekea mama? (Msomaji, Uingereza)

Ndiyo hayo hayo kwa aina, ambayo wataalamu huyaita *Citrus aurantium*. Yanatoka hasa katika viunga vya Sevilla, na Waingereza ndio wanunuzi wake wakubwa kwa ajili ya mamaledi. Msimu wake ni mfupi, tangu Januari mpaka katikati ya Februari, kwa hiyo nunua mengi na uyagandishe mazima katika friza. Kugandishwa hupunguza pektini kidogo, na dawa yake ni kuongeza danzi moja kwa kila kilo. Safarini, chupa ziingie katika mzigo mkubwa unaokabidhiwa, zikiwa zimeviringishwa nguo, kwa sababu katika mkoba wa mkononi zitahesabiwa kuwa kimiminika na huenda ukaziacha uwanjani.

Sisi ni kikundi cha akina mama Morogoro. Majirani wanaipenda mamaledi yetu na tungependa kuiuza madukani. Tuanzie wapi? (Kikundi, Morogoro)

Anzieni ofisi ya mkoa wenu ya SIDO, shirika linalohudumia viwanda vidogo, ambako mtapata mafunzo ya usindikaji pamoja na barua ya utambulisho ya kwenda TBS (Shirika la Viwango Tanzania), ambayo tangu mwaka 2019 ndiyo inayosimamia pia usajili wa vyakula na majengo yanayotengenezewa vyakula. Watataka kuona mahali mnapopikia, kwa hiyo jikoni mnakopikia ugali wa familia hapatakubalika. Wakati mnasubiri, fanyeni zoezi la kupika mara kadhaa kwa vipimo vile vile, mkipima machungwa kwa mizani na si kwa idadi, na kila chupa ibandikwe karatasi yenye tarehe ya kupikwa, uzito na viambato. Wekeni chupa moja ya kila mpiko kabatini bila kuifungua. Mteja akirudi na malalamiko baada ya miezi minne, fungueni ile ya mpiko huo huo mlinganishe nayo.